Kumwaga oili nyumbani: kazi ya kulinda utando usiouona

Kwa mtu mwenye spana chache, karai na saa moja ya utulivu, kumwaga oili ya gari ni kazi nyepesi. Unafungua boliti, oili chafu inatoka, unabadilisha filta, unafunga, unajaza mpya. Mikono inaweza kuizoea kazi hiyo kwa siku moja. Kinachowachanganya watu ni maswali yanayoizunguka. Oili ipi, 5W-30 au 20W-50? Baada ya kilomita ngapi? Ikishakuwa nyeusi ndiyo imekufa? Kwa nini fundi huyu anasema ijazwe mpaka juu na yule anasema iachwe katikati? Majibu yanapingana, na chini ya mengi yake kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyekaa kukieleza. Ukikielewa hicho, maswali karibu yote yanajijibu.

Kitu hicho ni utando.

Ndani ya injini kuna krankshafti, ile nondo nzito yenye mikunjo inayopokea msukumo wa pistoni na kuugeuza kuwa mzunguko. Krankshafti inazunguka ndani ya beringi, ila si beringi za vigololi kama za gurudumu. Ni vipande vya chuma laini vyenye umbo la nusu duara, viwili viwili, vinavyoikumbatia shafti na kuacha nafasi ndogo sana, sehemu chache za mia za milimita. Unywele wa kichwani una unene wa kama milimita 0.07, nafasi hiyo mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele. Humo ndimo pampu inamosukumia oili. Shafti ikizunguka inaiburuta oili na kuibana mahali pembamba, na oili iliyobanwa inainyanyua shafti. Injini ikiunguruma vizuri, pale chuma hakigusi chuma. Shafti inaelea.

Kwa hiyo oili ni kipuri, sawa na pistoni au mkanda, ila kipuri hiki kimepewa umbo la majimaji. Ina kazi nyingine pia: inabeba joto kutoka chini ya pistoni, inasaidia ringi kuziba pembeni mwa silinda, inashika masizi yasigande, inazuia kutu. Lakini ukiniuliza kwa nini tunahangaika na namba, filta, vipimo na muda, nitakuonyesha utando ule. Ukikatika kwa sekunde chache, beringi zinakwaruzana na shafti, na hakuna oili mpya itakayorudisha chuma kilichokwisha kulika.

Jinsi oili inavyochoka

Wengi hudhani oili inaharibika kwa sababu imejaa uchafu. Uchafu upo, lakini ni sehemu tu ya habari. Kopo la oili lina mafuta ya msingi pamoja na viungo vya kikemikali: vya kuosha, vya kuzuia tindikali, vya kuzuia povu, vya kuacha tabaka la kinga juu ya chuma pale utando unapokonda, kwa mfano wakati wa kuwasha. Viungo hivyo hutumika vikaisha. Hapo hapo joto na hewa vinayachosha mafuta ya msingi, yanakuwa mazito na mwishowe yanageuka tope.

Halafu kuna maji. Petroli lita moja ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, na karibu yote hutoka kwenye bomba la moshi yakiwa mvuke. Sehemu ndogo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushukia kwenye oili, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Ukisafiri mwendo mrefu, oili inapata moto wa kutosha, mvuke unaondoka. Ukiendesha dakika tano, ukazima, ukaendesha tano nyingine, maji yanabaki humo, yanachanganyika na mabaki ya moshi na kutengeneza tindikali. Ndiyo maana gari la bibi mmoja mtulivu anayekwenda nalo sokoni na kurudi linaweza kuichosha oili haraka kuliko teksi inayokimbia barabara kuu siku nzima.

Hapa ndipo swali la kilomita linapofumbuka. Watengenezaji wengi wa magari ya kisasa hutaja kilomita 10,000 hadi 15,000, au mwaka mmoja, kimoja kitakachotangulia. Ila vitabu vya magari hayo hayo huwa na ukurasa mwingine, ambao haufunguliwi sana, unaoeleza matumizi magumu: safari fupi fupi, foleni na kukaa injini ikiwaka bila gari kwenda, vumbi, kuvuta tela, kupanda milima na mzigo. Ukiwa humo, muda hupunguzwa, mara nyingi hadi nusu. Usomaji wangu wa ukurasa huo ni kwamba madereva wengi wa mjini wamo humo bila kujua. Odometa inahesabu magurudumu yalivyozunguka. Kwenye foleni ya saa nzima gari linakwenda kilomita sita huku injini ikifanya kazi saa nzima.

Na rangi? Usiihukumu oili kwa rangi peke yake. Kazi mojawapo ya oili ni kuyabeba masizi, kwa hiyo weusi unaweza kuwa ushahidi kwamba inafanya kazi. Kwenye injini ya dizeli oili mpya hugeuka nyeusi ndani ya siku chache na inaendelea kuwa nzima kabisa. Rangi ya kutia wasiwasi ni ile ya chai ya maziwa, yenye ukungu mzito: hapo kuna maji. Ikiwa ni kidogo tu chini ya kifuniko cha kujazia, huenda ni unyevu wa safari fupi. Ikiwa kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili yote ni ya hivyo, maji ya rejeta yanaingia, na kumwaga oili pekee hakutaokoa chochote. Tafuta fundi kabla hujawasha tena.

Namba zilizo kwenye kopo

Shika kopo la 5W-30. Wengi huzisoma namba hizo kana kwamba oili huwa nyepesi kama 5 ikiwa baridi, kisha inakuwa nzito kama 30 ikipata moto. Sivyo. Oili yoyote ikipata moto inakuwa nyepesi zaidi, kama asali iliyowekwa juani. Namba hizo ni matokeo ya mitihani miwili tofauti, iliyowekwa na jumuiya ya wahandisi wa magari iliyoanzishwa Marekani mwaka 1905. Herufi zake, SAE, utazikuta zimetangulia namba.

Mtihani wenye herufi W ni wa baridi, na W yenyewe imetoka kwenye neno la Kiingereza la majira ya baridi. Oili ya 5W hujaribiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, kuona kama stata itaweza kuizungusha injini. Ya 10W hujaribiwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, ya 15W kwenye 20, ya 20W kwenye 15. Mtihani wa pili hufanywa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, jirani na joto la oili ikiwa kazini. Hapo hupimwa mnato, yaani jinsi oili inavyosita kutiririka. Oili ya 30 lazima iwe kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, ya 20, ambayo magari mengi mapya yanaitaka, ni kati ya 6.9 na 9.3.

Sasa tazama jambo ambalo mimi naliona ndilo ufunguo. Oili hiyo hiyo ya 5W-30 ikipimwa kwenye nyuzi 40, mnato wake huwa kama 60 au zaidi. Maana yake, hata mahali penye joto kali, asubuhi unapowasha gari oili yako ni nzito mara tano au sita kuliko itakavyokuwa baada ya nusu saa. Hakuna asubuhi ambayo oili inakuwa nyepesi mno kwa injini baridi. Tatizo la kuwasha siku zote ni uzito, kwa sababu oili nzito inachelewa kufika juu kwenye valvu. Kwa hiyo namba ndogo kabla ya W ina faida hata pasipojua barafu, ingawa faida hiyo ni kubwa zaidi penye baridi.

Namba ya pili ndiyo inayobeba utando injini ikiwa ya moto, na hapo ndipo kishawishi cha kuweka nzito zaidi kinapoingia. Hoja ya watu ni kwamba nzito inalinda zaidi. Ingekuwa kweli kama injini zote zingetengenezwa na nafasi sawa na pampu sawa. Injini iliyopangiwa 20 ina njia nyembamba, na mara nyingi ina mitambo ya kubadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu inayoendeshwa kwa presha ya oili hiyo hiyo. Ukiitia 50, oili inachelewa, mitambo inasita, injini inakula mafuta zaidi, na joto la msuguano linapanda ndani ya oili yenyewe. Kwa upande wa pili, injini iliyopangiwa 40 ukiitia 20 unaunyima utando unene wake. Kitabu cha gari huwa na jedwali, na baadhi ya watengenezaji huruhusu namba zaidi ya moja kulingana na joto la nje. Ukiwa na injini ya zamani inayokula oili, kupanda hatua moja ndani ya jedwali hilo ni jambo la busara. Kutoka nje ya jedwali kwa kusikiliza mitaa, sikushauri.

Baada ya namba kuna herufi za ubora. Taasisi ya petroli ya Marekani, API, hutumia S kwa injini za petroli na C kwa za dizeli, kisha herufi ya pili inayosonga mbele kadiri viwango vinavyopanda: SN ilikuja mwaka 2010, SP ikaja 2020. Kwa petroli, kiwango kipya huweza kutumika palipotakiwa cha zamani, mradi namba za mnato ziwe sahihi. Kwa magari ya Ulaya utaona ACEA, viwango vya chama cha watengenezaji wa magari wa huko, na hapo kuwa makini na herufi C: ni oili zenye majivu kidogo, kwa ajili ya injini ambazo bomba lake la moshi lina kichujio cha masizi. Oili ya kawaida ikiungua kidogo kidogo kwenye injini kama hiyo, majivu yake hukwama kwenye kichujio na hayatoki hata kichujio kijisafishe kwa moto.

Sinthetiki, yaani iliyoundwa kiwandani kwa kemikali, au ya madini, inayosafishwa kutoka mafuta ghafi? Sinthetiki hustahimili joto na baridi vizuri zaidi na huchelewa kuchoka. Lakini oili ya madini iliyofikia kiwango kilichotajwa kwenye kitabu, ikimwagwa kwa wakati, ni bora kuliko sinthetiki nzuri iliyoachwa mpaka ikawa lami.

Ndani ya kopo la filta

Filta inaonekana kama kopo tu, na ndiyo maana watu huipuuza au hununua yoyote inayoingia kwenye nyuzi zake. Ukiipasua utakuta karatasi ngumu iliyokunjwa kunjwa kama feni ya mkononi. Oili huingia kwa matundu madogo ya pembeni, hupita kwenye karatasi kutoka nje kwenda ndani, hutokea kwenye tundu kubwa la katikati. Chembe za kuogopwa ni zile zinazokaribia unene wa utando, kwa sababu ndizo zinazoweza kuingia kwenye beringi na kukwaruza pande zote mbili.

Kuna vitu viwili humo vinavyostahili heshima. Kimoja ni valvu ya mpira inayozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Bila hiyo, kila asubuhi pampu inaanza kwa kuijaza filta tupu huku beringi zikisubiri. Ule mgongano mfupi wa chuma unaosikika mara tu baada ya kuwasha wakati mwingine unatokana na hapo. Kingine ni valvu ya kupitisha kando. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito mno kwa baridi, valvu hii hufunguka na kuiacha oili ipite bila kuchujwa. Waliobuni waliona heri oili chafu kuliko kukosa oili kabisa. Ila maana yake ni kwamba filta iliyoziba haikupi dalili yoyote kwenye dashibodi. Inaacha tu uchafu upite kimya kimya. Kwa hiyo badilisha filta kila unapomwaga oili. Kuweka oili mpya juu ya filta ya zamani ni kuirudishia injini oili chafu iliyobaki ndani ya kopo hilo, tena kwa karatasi iliyochoka.

Kabla hujalala chini ya gari

Naomba hapa tusiharakishe. Jeki ni chombo cha kunyanyulia, si cha kushikilia. Sili yake ikiachia, gari linashuka bila onyo, na chini yake kuna kifua cha mtu. Weka gari mahali sawa na pagumu, vuta breki ya mkono, tia gia au P, zuia magurudumu yanayobaki chini kwa magogo au vizuizi. Nyanyua, kisha weka stendi za chuma kwenye sehemu zilizoonyeshwa na kitabu, shusha uzito ukae juu ya stendi, halafu lisukume gari kwa mkono kabla hujaingia. Likitikisika, anza upya. Usitumie matofali; tofali linapasuka ghafla likibebeshwa uzito mahali padogo. Kama gari lina nafasi ya kutosha chini au unaweza kulipandisha kwenye ngazi imara za kuendeshea, hata bora.

Oili imwagwe ikiwa vuguvugu. Endesha dakika tano hadi kumi, zima, ngoja kidogo. Ikiwa baridi kabisa inatoka kwa uvivu na kuacha masalia. Ikiwa imetoka safari ndefu inaunguza mkono mpaka malengelenge. Vaa glavu. Oili iliyotumika ina masalia ya moshi yaliyo hatari kwa ngozi yakizoeleka mwaka hadi mwaka, na mafundi wengi hawajaambiwa hivyo.

Fungua kwanza kifuniko cha kujazia kule juu, hewa iingie. Kisha nenda chini utafute boliti ya kumwagia, na hapa usifungue kwa kubahatisha. Kuna magari ambayo boliti ya giaboksi iko karibu na ya injini na inafanana nayo. Mtu akikosea anamwaga oili ya gia, halafu anaongeza oili mpya juu ya ile ya zamani kwenye injini: giaboksi ni kavu, injini imejaa kupita kiasi, na gari linaondoka hivyo. Njia ya kujihakikishia ni kutazama upande wenye mikanda. Huko ndiko injini iliko. Giaboksi iko upande wa pili. Sampu, yaani bakuli la oili, iko chini ya injini moja kwa moja. Na ukifungua ukaona majimaji mekundu, funga haraka.

Legeza boliti kwa spana pete au soketi inayokaa sawasawa, umalizie kwa vidole huku ukiisukuma kuelekea juu, ili nyuzi za mwisho zikiachia uweze kuivuta kando kwa mara moja. Mkondo wa kwanza huruka mbali kuliko unavyodhani, kwa hiyo karai lisogezwe mbele kidogo. Acha itoke mpaka ibaki matone yanayohesabika.

Wakati inatoka, ishike boliti yenyewe uitazame. Kwenye shingo yake kuna wosha, kipete cha shaba au alumini. Kazi ya kipete hicho ni kupondeka: chuma laini kinajaza mikwaruzo midogo kati ya boliti na sampu. Kikishapondeka mara moja kimemaliza kazi, ndiyo maana huwekwa kipya. Anayerudishia cha zamani huona tone, hukaza zaidi, huona tone tena, hukaza zaidi tena, na sampu nyingi ni za alumini. Siku nyuzi zitakapoliwa, tatizo la kipete limekuwa tatizo la sampu nzima. Kwa magari mengi madogo kipimo cha kukaza ni kati ya nyutoni-mita 25 na 40. Kitabu chako kitataja chako, na spana yenye kipimo cha torki inaondoa ubishi. Asiye nayo akaze kwa spana fupi, kwa mkono mmoja, mpaka ahisi boliti imekaa, bila kuning'inia.

Filta na pete yake

Filta ya kopo hufunguliwa kwa mkono au kwa spana ya mkanda. Oili itamwagika, karai libaki pale. Sasa kabla hujaishika mpya, ichukue ya zamani uigeuze, uangalie kama pete yake ya mpira imetoka nayo.

Nasema hivi kwa sababu nimeyaona. Miaka kadhaa iliyopita nilibadilisha filta ya gari letu jioni, mwanga ukiwa hafifu, na pete ya zamani ikabaki imeganda kwenye injini. Nilifunga filta mpya juu yake. Mpira juu ya mpira. Nikawasha, pakawa pakavu, nikaridhika. Nilipokanyaga mafuta kidogo presha ilipanda, pete moja ikateleza, na oili ikatoka kwa nguvu kama maji ya bomba lililopasuka. Nilikimbilia ufunguo nikazima, lakini zaidi ya nusu ya oili mpya ilikuwa tayari sakafuni. Sekunde zilikuwa chache. Kama lingetokea barabarani kwa mwendo wa kasi, injini ile isingekuwepo leo. Tangu hapo napitisha kidole kuzunguka uso wote wa chuma pale filta inapokaa, napangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na sifungi mpaka nimeiona pete ya zamani kwa macho yangu.

Paka pete mpya oili safi kidogo kwa ncha ya kidole. Pete kavu hujisokota na kung'ang'ania. Kama filta inakaa wima mdomo juu, ijaze oili kiasi kabla ya kuifunga. Izungushe kwa mkono mpaka pete iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kama mwili wa filta unavyoelekeza. Kwa mkono tu. Spana ya filta ni ya kufungulia.

Magari mengine yana filta ya karatasi tupu ndani ya kifuniko cha plastiki au alumini. Hapo kuna pete ya kifuniko inayokaa kwenye mfereji wake maalumu. Ikiwekwa mfereji wa jirani itavuja. Kifuniko cha plastiki nacho hupasuka kikikazwa kwa hasira, kwa hiyo fuata kipimo kilichoandikwa juu yake.

Kujaza, na kusoma dipstiki

Kitabu kitakuambia, kwa mfano, lita 4.2 pamoja na filta. Usimimine 4.2 kwa mkupuo. Hakuna injini inayotoa oili yote, daima kuna iliyobaki kwenye kona. Mimina kama 3.7, ngoja dakika chache ishuke, kisha pima gari likiwa limekaa sawa kwa magurudumu yote manne. Chomoa dipstiki, ipanguse, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Soma pande zote mbili za kijiti na uamini upande ambao oili imeishia chini zaidi, kwa sababu ule mwingine mara nyingi umepakwa na oili iliyoshuka ukutani mwa bomba. Kati ya alama ya chini na ya juu kwa magari mengi kuna kama lita moja, kwa hiyo unaweza kukadiria unachoongeza.

Kwa nini isizidi? Kwa sababu ya utando tena. Oili ikipanda mpaka ifikie krankshafti inayozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, inapigwa kama mayai. Inatoka povu, pampu inavuta povu, na hewa haiwezi kubeba shafti. Nusu lita ya ziada uliyoiweka kwa nia njema inaweza kuleta kile kile ulichokuwa unakikwepa. Ikizidi, ifyonze kwa bomba au legeza boliti upunguze. Usiendeshe hivyo kwa kusema itaungua yenyewe.

Sasa washa, usikanyage mafuta. Taa ya oili itawaka sekunde chache filta inapojaa, kisha itazima. Isipozima ndani ya kama sekunde kumi, zima injini. Taa hiyo watu huielewa vibaya: kwa kawaida ile nyekundu inapima presha, siyo kiasi. Ikiwaka barabarani haimaanishi uongeze oili ukifika. Inamaanisha utando unakatika wakati huo huo, na gari linapaswa kuegeshwa na kuzimwa pale pale.

Iache injini iungurume dakika mbili tatu, mulika tochi kwenye filta na boliti. Zima, ngoja dakika tano hadi kumi, pima tena. Filta imekunywa sehemu yake, kwa hiyo usawa utakuwa umeshuka. Ongeza taratibu mpaka karibu na alama ya juu. Magari yasiyo na dipstiki hupima kwa kompyuta, fuata utaratibu wake ulioandikwa.

Oili iliyobaki kwenye karai

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema galoni moja (karibu lita nne) ya oili iliyotumika inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Fikiria hivyo unapotazama lita nne zilizo kwenye karai, na mtaro ulio hatua kumi kutoka hapo. Oili hii haijafika mwisho wake. Ikikusanywa huweza kusafishwa kiwandani ikarudi kuwa oili ya msingi, ikatumika tena. Ila lazima iwe peke yake. Imimine kwa faneli kwenye makopo uliyotoa oili mpya, yafunge vizuri, usichanganye na maji ya rejeta, petroli wala mafuta ya breki, kisha ipeleke kwenye gereji au kituo kinachokusanya. Filta ya zamani iache ichuruzike kichwa chini usiku kucha kabla ya kuipeleka pamoja nazo. Huwa imebeba oili nyingi kuliko inavyoonekana. Kuimwaga kwenye udongo kwa ajili ya kuua magugu au kutuliza vumbi ni kuizika njiani kuelekea kisimani.

Andika tarehe na kilomita kwenye karatasi, uibandike chini ya boneti. Halafu tandaza boksi safi chini ya injini, uende zako kulala. Asubuhi, kabla ya kuwasha, lichomoe boksi ulitazame, kisha chomoa dipstiki. Boksi likiwa kavu na oili ikiwa pale pale ulipoiacha, gari lipo tayari kwa safari.